Kitabu kimoja, wasomaji wengi: namna watu wa mashariki wanazungumuzia vitabu vyenye wanasoma

Mu miji ya mashariki ya Congo, kitabu ni kitu chenye kutembea. Riwaya moja inatoka kwa mwalimu wa sekondari, inapita kwa binti yake, kwa jirani, kwa abbé wa parokia, na siku inarudi kwa mwenyewe haina tena jalada. Kila mutu mwenye ilipita mu mikono yake anabaki na maoni yake, na yale maoni yanafika mbali kuliko kitabu. Wenye kusoma ni wachache. Wenye kusikia kitabu kinasema nini ni wengi sana.

Makala hii inaeleza vitabu fulani vyenye wasomaji wa Kivu, Ituri, Tshopo, Maniema, Tanganyika na Haut-Katanga wanaweza kukutana navyo, mabishano yenye vinaleta, na fasi yenye mazungumzo yanapoteaka njia. Si jambo ya kuchezea. Mu majimbo yenye watu wanabishana juu ya nani alifika wa kwanza, shamba ni la nani, vita ilianza namna gani, mutu akisema "imeandikwa mu kitabu" neno lake linapata nguvu sawa na ya mushuhuda mbele ya tribinali. Lakini mara nyingi hakuna mwenye anauliza: kitabu gani, ukurasa gani?

Namna kitabu kinafika

Kitabu kipya chenye kutoka Ulaya, bei yake inaweza kulisha jamaa siku nyingi. Ndiyo maana watu wanapita njia zingine: biblioteki ya parokia ao ya chuo kikuu, vitabu vya zamani vyenye kutandikwa chini kando ya barabara, fotokopi, na sasa PDF yenye kutumwa ku WhatsApp. Kila njia inaacha alama yake. Fotokopi inapoteza kurasa: mutu anaanza ku sura ya pili, hakuona utangulizi, fasi yenye mwandishi alieleza kama anaandika historia ao anatunga. PDF inasomwa kwa vipande, wakati telefone iko na chaji. Wengine wanapata picha ya ukurasa moja tu, na mustari umepigwa chini ya sentensi yenye mutu alitaka waone. Ile picha inazunguka kuliko kitabu kizima.

Vitabu vya dini ndivyo vingi kuliko vyote, na hapo kila kanisa liko na duka lake na mabishano yake. Makala hii haitavigusa. Shurti tu kukumbuka kwamba nyumba za uchapaji za Wakatoliki, kama vile Saint Paul (leo Médiaspaul), hazikutoa vitabu vya sala peke yake. Kwao ndiko kulitoka sehemu kubwa ya vitabu vya Zamenga Batukezanga, yule mwandishi wa Bas-Congo (1933-2000) mwenye Wakongo wengi walimusoma wangali ku ntebe ya shule. *Les Hauts et les Bas* ya 1971, *Bandoki* ya 1973, *Carte postale* ya 1974: ni vitabu vidogo, vya Kifaransa chepesi, juu ya kijiji na muji, jamaa, mali na uchawi. Wasomi wamoja wanasemaka Zamenga si fundi wa lugha. Inawezekana. Lakini kitabu chake kikisomwa mu nyumba, baba, mama na watoto wote wanakuwa na kitu cha kusema, na kuna mafundi wengi wa lugha wenye hawajafika hapo.

Ukurasa wa Kifaransa, mabishano ya Kiswahili

Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya serkali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Mu vitabu ile mipaka inaonekana wazi. Mutu anasoma kimya mu Kifaransa, kisha anageukia wenzake na kueleza mu Kiswahili. Hakuna mwenye alimuchagua, lakini kuanzia pale yeye ni mutafsiri, na watu watabishana juu ya neno lake wakizani wanabishana na mwandishi.

Neno moja linatosha kuonyesha hatari. Vitabu vingi juu ya mashariki vinatumia neno *autochtone*. Musomaji wa kwanza anasema "mwenyeji". Wa pili anasema "mwana-inchi". Wa tatu anasema "mwenye udongo". Mwenyeji ni mutu mwenye anaishi fasi na kupokea wageni. Jirani yake wa kuhama naye anaweza kuwa mwenyeji nyuma ya miaka. Mwana-inchi ni jambo ya utaifa, ya karata ya kura. Mwenye udongo ni mutu mwenye wengine wanapashwa kumuomba ruhusa. Maneno matatu, na kila moja linafungua mabishano tofauti, wakati mu kitabu neno lilikuwa moja. Msomaji mwenye akili hachagui haraka. Anasoma sentensi ya Kifaransa yote, anasema neno lenyewe vile liko, kisha anaeleza.

Vilevile neno *maquis*. Wengi wanasema "pori". Mu Kiswahili cha hapa, "kuingia pori" ni kutoroka, ni kujiunga na kundi lenye silaha, ni kwenda kutafuta kuni. Musikilizaji anapashwa kujua ni lipi.

Mufano mwingine unatoka Bukavu kwenyewe. Daktari Denis Mukwege alizaliwa mule mu 1955, akaanzisha hospitali ya Panzi mu 1999, akapata Nobel ya amani mu 2018 pamoja na Nadia Murad. Kitabu chake *La Force des femmes* kilitoka mu 2021. Mule ndani, kwa wanawake wenye walitendewa ubakaji, anapenda neno *survivantes* kuliko *victimes*. Namna gani kusema ile tofauti mu Kiswahili? "Wenye kuumizwa" inawaacha wamelala chini. "Wenye kuokoka" inapeleka akili ya musikilizaji moja kwa moja ku kanisa. "Wenye kupona" inaonyesha kwamba uchungu umekwisha, na kitabu hakisemi vile. Wanawake wenye kukizungumuzia wanabaki sana ku hii ulizo, na wako na haki: jina lenye mutu anapewa nyuma ya kutendewa mabaya linamufuata ku soko, ku kisima, ku ndoa. Wanaume, mara nyingi, wanataka kuzungumuza siasa ya vita. Kitabu kina vyote viwili. Lakini jina lake linataja nguvu ya wanawake, na mwenye kusoma kurasa za siasa peke yake amesoma nusu.

"Imeandikwa mu kitabu"

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu.

Tuchukue kitabu cha Mumarekani Adam Hochschild, *King Leopold's Ghost*, cha 1998, chenye kujulikana mu Kifaransa kama *Les Fantômes du roi Léopold*. Hata mutu mwenye hakukifungua anajua hesabu moja: milioni kumi. Ku mazungumzo inakuwa "Leopold aliua watu milioni kumi". Mutu akifungua kurasa zenyewe, anakuta kitu tofauti kidogo. Hochschild anafuata wasomi wenye kufikiri kwamba hesabu ya watu wa Congo ilipunguka karibu nusu, ni kusema kama milioni kumi, na anataja sababu ine: watu kuuawa, njaa na kuchoka kwa wenye kukimbia, magonjwa, na watoto kuzaliwa wachache. Ni makadirio. Hakukuwa hesabu ya raia mu 1885, wakati Leopold alijitangaza mwenye inchi, na bila hesabu ya mwanzo hakuna mwenye anaweza kutoa kamili.

Kuna wenye watakasirika: kusema "makadirio" si kumutetea Leopold? Hapana. Mikono yenye kukatwa, wanawake wenye kufungwa mpaka waume walete mpira, vijiji vyenye kuchomwa, vile viko na mashuhuda wa wakati ule ule. Hata tume ya uchunguzi yenye Leopold mwenyewe alituma mu 1904 ilisikia watu wa Congo wakitoa ushuhuda, na ripoti yake haikumufurahisha. Mwenye anashika hesabu moja peke yake anajiweka fasi mbaya: siku mutu mwingine atamuonyesha kwamba ni makadirio, atakosa jibu, na uovu wenye ulihakikishwa utaonekana kama hadisi.

Kitabu kingine chenye kuleta makelele ni *Congo, une histoire* cha Mubelgiji David Van Reybrouck, kilitoka mu Kiholanzi mu 2010 na mu Kifaransa mu 2012, kikapata zawadi ya Médicis kwa upande wa essai. Ni kizito, kurasa zaidi ya 600, na wengi wanasimama katikati. Mwanzoni kuna muzee, Étienne Nkasi, mwenye alimwambia mwandishi kwamba alizaliwa mu 1882. Wasomaji wanagawanyika palepale. Wamoja wanasema haiwezekani mutu aishi zaidi ya miaka 125, basi kitabu chote ni cha kutilia mashaka. Wengine wanajibu kwamba Van Reybrouck mwenyewe alishangaa na akajaribu kulinganisha majina na mambo yenye muzee alikumbuka. Hii ya pili ndiyo kusoma. Mutu anaweza kukataa ile myaka na bado kukubali kwamba muzee aliona mengi ya wakati wa Wabelgiji.

Malalamiko makubwa zaidi ni mengine: kwa nini tena ni Mubelgiji anatueleza? Jibu la haraka ni kwamba Wakongo pia waliandika. Profesa Isidore Ndaywel è Nziem alitoa *Histoire générale du Congo* mu 1998, kitabu kikubwa kuliko vingi, chenye kuanza mbali sana mbele ya Wazungu. Kinasomwa kidogo nje ya vyuo vikuu, sababu ya uzito wake na bei. Kuviweka viwili kando kando ni kazi nzuri: Van Reybrouck anaenda kwa mutu wa kawaida na kusikiliza, Ndaywel anapanga falme, mipaka na utawala. Ila watu wengi hawafiki hapo. Wanageuza jalada, wanasoma jina la mwandishi, wanakisia kabila ao inchi yake, wanafunga.

Na kuna vitabu vyenye kutumiwa kama silaha kabisa. Mu mabishano ya uchefu na mashamba, watu wanatoa vitabu vya wakati wa ukoloni vyenye kueleza "kabila fulani lilitoka huku, likapita kule". Kimoja chenye kujulikana ni cha A. Moeller, aliyekuwa gavana wa Province Orientale: *Les grandes lignes des migrations des Bantous de la Province orientale du Congo belge*, cha 1936. Kinaheshimiwa juu ni cha zamani. Lakini ule muzee wake ndio unapashwa kuulizwa. Ile miaka, utawala wa Ubelgiji ulikuwa unapanga machefferie na masecteur. Dekreti ya 5 Desemba 1933 ilitoka palepale. Waadministrateri walizunguka wakiuliza wachefu: muko nani, mulitoka wapi, nani alimutangulia mwenzake? Mwenye kuuliza ndiye atakata mipaka. Mwenye kujibu anajua vile. Historia yenye inaelezwa mbele ya mutu mwenye kugawa ardhi si lazima iwe ya uongo, ila iko na kusudi. Na wenye hawakuulizwa, sababu walikuwa chini ya chefu mwingine ao walikaa mu pori, hawamo mu kitabu. Kukosa jina lako mule hakumaanishi babu yako hakuwa pale.

Kwa hiyo ulizo la kwanza juu ya kitabu cha namna hii ni kujua mwandishi aliisikia kwa nani, mwaka gani, na yule mwenye kumweleza alikuwa anatafuta nini. Kitabu kizuri kinajibu mu utangulizi ao chini ya ukurasa. Ndiyo ile kurasa yenye fotokopi inapoteza.

Tena kuna vitabu, zaidi ripoti na vile vya wanahabari, vyenye kutaja kwa majina watu wenye wangali hai na wenye askari. Wasomaji wanajua fasi gani kuvifungua na fasi gani kunyamaza. Hakuna haja ya kuandika zaidi juu ya ile.

Riwaya: "si ya kweli" haitoshi

Mutu wa riwaya anasikiaka kila mara: ya nini kusoma mambo ya kutunga, wakati ya kweli yanatujaa? Riwaya mbili tatu zinaweza kumujibu.

V. Y. Mudimbe alizaliwa Jadotville, leo Likasi, mu 1941, akafariki mu 2025 huko Marekani, fasi alifundisha miaka mingi. Riwaya yake ya kwanza, *Entre les eaux*, ni ya 1973. Pierre Landu ni padri Mukongo mwenye alisoma Roma. Anaacha parokia na kuingia maquis, akiamini kwamba Injili inamutuma upande wa masikini. Mule pori, wapiganaji hawamuamini kabisa; kwa kanisa, yeye ni musaliti. Kwa musomaji wa mashariki, hii si jambo ya Roma. Kila muji unajua kijana mwenye aliingia kundi akisema ni juu ya haki, kisha akakuta kule wakubwa wengine na dhambi zingine. Wakristo wanabishana kama Landu alikuwa na imani ao kiburi. Wenye waliona vita wanabishana kama mutu wa vitabu anaweza kweli kushika bunduki. Lugha ya Mudimbe ni ngumu, na kuna wenye wanaiacha ku ukurasa wa ishirini, si aibu. Mwisho wake hautasemwa hapa, sababu kuna wenye wangali mu sura ya tatu.

*Congo Inc.* ya In Koli Jean Bofane, ya 2014, inachekesha na kuumiza ku ukurasa ule ule. Isookanga, kijana wa pori la Équateur, anagundua intaneti na kwenda Kinshasa kufanya "mondialisation". Kule anakutana na Shasha, binti mwenye alikimbia Kivu, anaishi na watoto wa barabara. Kuna pia mukubwa wa vita wa zamani wa Kivu mwenye sasa amevaa kostime na kupewa ofisi. Wasomaji wa huku wanakubali haraka ile sehemu ya ofisi. Wanagawanyika juu ya kicheko: inafaa kucheka na mambo yetu? Wamoja wanaona Bofane anachukua maumivu ya Kivu na kuyafanya mapambo ya Kinshasa. Wengine wanasema ndiyo mara moja mutu wa Kinshasa analazimishwa kuyaangalia. Hii mabishano haina mushindi, na afazali ibaki vile.

Kisha kuna *Petit Pays* ya Gaël Faye (2016), yenye ilipata Goncourt des lycéens. Ni Bujumbura ya utoto, mbele ya vita na wakati wa vita, na Bukavu inaonekana mule pia. Mu Uvira mutu anaisoma akiangalia zile taa ng'ambo ya ziwa. Wanaume kwa wanawake wenye kukomaa wanasemaka jambo moja: mutoto wa ile hadisi aliishi mu kartie ya wenye mali, na vita ya mutoto wa nyumba ya matope ingekuwa kitabu kingine. Ni kweli, na ile kitabu ingali inangojea mwandishi.

Wenye kuchoka na maandishi wana *Madame Livingstone* ya 2014, bande dessinée yenye michoro ya Barly Baruti, muzaliwa wa Kisangani, na maneno yake pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni vita ya 1914-1918 ku ziwa Tanganyika, wakati Wabelgiji walituma ndege za maji kuishambulia meli ya Wadachi, *Graf von Götzen*. Wadachi wenyewe waliizamisha mu 1916. Ikatolewa chini ya maji mu 1924, na tangu 1927 inaitwa *Liemba*, ile meli yenye wazee wa Kalemie na Baraka wanajua. Watoto wanapenda michoro. Wazee wanataka kujua kama mizinga ilichorwa sawasawa.

Wakati wa kusoma pamoja

Vikundi vya wasomaji havihitaji ofisi. Kitabu kimoja, siku moja ya juma, mutu mwenye sauti nzuri. Kazi ya musomaji na kazi ya mutafsiri afazali zigawanywe kwa watu wawili, ili wa pili aweze kusahihishwa bila wa kwanza kukasirika. Namba ya ukurasa inasemwa kwa sauti. Mutu mwenye hakusoma ana haki ya kuuliza, ila si haki ya kueleza kitabu kinasema nini.

Wazee wenye hawajui kusoma wanapashwa kukaa mbele, si nyuma. Kitabu kikitaja Simba wa 1964 ao kambi za 1996, mama mwenye alipita mule ni mushuhuda, na anaweza kusema "hii barabara haikupita pale". Naye pia anaweza kusahau ao kuchanganya miaka. Lakini sauti yake ikikosekana, kikundi kinabaki na neno la mwandishi peke yake.

Vitabu viwili vyenye viliandikwa mu Kiswahili

Mara nyingi watu wanalia kwamba historia ya mashariki haiko mu Kiswahili. Iko, na moja yake haipendezi kila mutu.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, mwenye kujulikana kama Tippu Tip, alieleza maisha yake mu Kiswahili. Mudachi Heinrich Brode aliyachapa Berlin mwanzo wa karne ya 20, kisha W. H. Whiteley akatoa Kiswahili na Kiingereza kando kando. Sehemu kubwa ya mambo yenyewe ni huku: Kasongo, Nyangwe, Lualaba, mpaka Stanley Falls, leo Kisangani, fasi alifanywa gavana wa Leopold mu 1887. Mutu wa Maniema akisoma anakutana na majina ya nyumbani mu kinywa cha mutu mwenye alikuja na bunduki. Kinajaa pembe za ndovu, madeni, mabei na vita. Watu wenye walibeba zile pembe hawana sauti mule ndani.

Kuna hadisi moja yenye inaleta kicheko na kasirani pamoja: namna Tippu Tip alimufikia chefu Kasongo Rushie wa Utetera na kujieleza kuwa mujukuu wa dada ya chefu mwenye alichukuliwa utumwani zamani. Muzee alimuamini na kumuachia utawala. Wanahistoria wanaona ni werevu wa mufanyabiashara mwenye alisikia habari ya jamaa na kuitumia. Wasomaji wengine wanamusifu kwa akili. Wengine wanasema huyu anajisifu juu ya wizi wa inchi nzima, tena akiwa na lugha yetu. Wote wawili wamesoma sawasawa. Kwa wenye kupenda riwaya, *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, mwenye Nobel ya 2021, inaonyesha misafara ya namna ile kwa macho ya kijana mwenye alitolewa juu ya deni la baba. Ida Hadjivayanis aliitafsiri mu Kiswahili kama *Peponi* mu 2022. Kiswahili chake ni cha pwani, na musomaji wa Bukavu atasimama mara kwa mara.

Cha pili hakimusimamishi hivyo. Mu 1965, André Yav aliandika *Vocabulaire de la ville d'Elisabethville*, mu jina la watu wenye walifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili cha Lubumbashi, vile watu walikuwa wanakisema. Anaeleza kuja kwa Wazungu, Msiri, muji, kazi na mishahara, kwa upande wa mutu mwenye alisimama jikoni akisikia yenye ilikuwa inasemwa ku meza. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliyatoa mu 1990 na tafsiri ya Kiingereza, na yanapatikana pia ku intaneti. Mwanzoni maandishi yalimushinda, sababu maneno yalikatwa na kuunganishwa ovyo na hakuna alama za kupumuzika. Kalundi Mango, muzaliwa wa ile lugha, aliyasoma kwa sauti, sauti ikarekodiwa, na maana ikatoka wazi. Ni kitabu cha kusomwa na watu wawili: moja mwenye macho, mwingine mwenye masikio. Kwa watu wa Kivu kuko maneno ya Katanga ya kazi ya nyumba na ya mine yenye yatawasimamisha, na hapo afazali kutafuta muzee wa Lubumbashi mbele ya kufungua kamusi.